Maoni Yangu ya Tamthilia za Kithai, Yalivyosikika Ibra

Mkinicheka nitawaelewa, ila kazi yenyewe sijui kama bado ninayo.

Mimi ni mfanyakazi wa ndani hapa Ibra, Oman, na uraibu wangu ni tamthilia za Kithai za wavulana wanaopendana. Tangu Ramadhani, kila asubuhi nikimkanda miguu bibi mzee wa nyumba hii, namrekodia maoni yangu Zuhura, rafiki yangu aliyeko Nizwa. Bibi hunisemesha Kiarabu tu, basi nikamhesabu kama ukuta.

Jana nilikuwa nimechukia. "Zuhura, vipindi vinane hawajashikana hata mikono. Daktari anapenda kwa macho, sawa, lakini mwenzake kulia hajui. Analia kama mama mwenye nyumba wangu msibani, kelele nyingi na jicho kavu."

Bibi akavuta mguu wake.

"Binti yangu halii hivyo," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu cha Tanga. "Na huyo daktari, kwa unavyomsimulia, hampendi mwenzake. Anamwonea huruma tu."

Nikakumbuka, nimechelewa, kwamba Ibra wazee wengi wamekulia Unguja. Miezi yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

Nikabaki na mafuta mikononi. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa, akauliza kwa Kiarabu tunazungumza nini.

Bibi akamwambia akae. Kisha akaanza kumtafsiria, na hakuanza na maneno ya siku hiyo. Alianza na ya Ramadhani.