Mpaka Aulizwe

Kila asubuhi, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, Mama Mgonjwa alifanya mazoezi ya kuumwa. Alishika kiuno, akainuka kigodani polepole, akakunja uso. Akakaa, akainuka tena kwa namna nyingine. Mdogo wake, aliyekuja kuishi naye baada ya kufiwa na mume, alimtazama kutoka mlangoni akicheka.

"Dada, leo tunaumwa nini?"

"Figo."

"Juzi si ulikuwa moyo? Wewe utakufa na magonjwa ya watu, na yako mwenyewe hata mafua huna."

Jina la Mama Mgonjwa alipewa na mtaa. Zamani alikuwa mshonaji, hadi macho yakakataa tundu la sindano. Ndipo akapata kazi kwenye chuo cha udaktari, kazi ambayo majirani hawakuielewa hata waelezwe vipi: kujifanya mgonjwa. Wanafunzi wa chuo kile hawakumiminiwa masomo kama maji mtungini. Walikaa kikundi, wakazunguka meza moja, wakaletewa mtu na tatizo lake, wakaambiwa wahangaike nalo wenyewe. Waulize, wabishane, waandike ubaoni wanachojua na wasichokijua, waende wakasome, warudi. Mwalimu alikaa pembeni kimya kama mkwe ugenini. Jibu alikuwa nalo, ila kulitoa ni mwiko.

Mama Mgonjwa naye alikuwa na mwiko wake, aliopewa siku ya kwanza: usiseme usichoulizwa. Wakiuliza kichwa, jibu kichwa. Tumbo liache mpaka walifikie. Na alikuwa hodari kwelikweli. Wanafunzi walimzunguka wee kwa maswali, wakamkaribia, wakampita, naye macho makavu. Mwalimu alimsifu mbele ya wote kwamba mama huyu havujishi hata tone. Sifa hiyo aliibeba nyumbani, akaisimulia wakati wa kula.

Mdogo wake alikuwa akifua nguo za watu, na magoti yalimsumbua. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akavimeza asubuhi na jioni, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Baadaye akaanza kuchoka. Akitembea kidogo, anashika ukuta. Siku moja alitoka msalani, akamvuta dada yake pembeni, ingawa mle ndani hamkuwa na mtu mwingine.

"Dada, naona hata haya kusema. Choo changu cheusi. Kama lami."

"Twende hospitali."

"Sasa nitamwambiaje daktari mambo ya chooni?"

"Usijali, atakuuliza. Wale nawajua mimi. Wanauliza mpaka bibi yako alikufa na nini."

Daktari aliyewapokea alikuwa kijana aliyewahi kukaa kwenye meza ile ile ya chuo. Alipomwona Mama Mgonjwa, akacheka.

"Mama! Leo unaumwa kweli, au ndiyo mambo yetu yale?"

"Leo zamu ya mdogo wangu, mwanangu."

Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Daktari aliuliza homa, akauliza kikohozi, akauliza hedhi. Akavuta kope ya chini, akaona peupe. "Damu imepungua, mama," akasema, akaanza kuandika.

Mama Mgonjwa alikaa wima, mikono mapajani, kama anavyokaa chuoni. Mdogo wake alimgeukia. Yeye akatikisa kichwa kidogo tu: subiri. Alikuwa na hakika swali linakuja.

"Vidonge hivi ni vya kuongeza damu," daktari akasema. "Vitafanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Ni kawaida."

Mdogo wake akashusha pumzi. "Kumbe ni kawaida!"

Mama Mgonjwa alifungua mdomo. Choo kilikuwa cheusi kabla ya dawa hizo, naye alilijua hilo. Lakini hakuulizwa, na daktari alikuwa ameshaita, "Anayefuata!" Mdomo ukajifunga wenyewe, kwa mazoea.

Njiani mdogo wake alikuwa mchangamfu. "Umesikia? Mimi najitesa roho bure."

"Nimesikia."

Mdogo wake akaendelea na vidonge vya damu, akaendelea na vya magoti. Mchana mmoja, akianika mashuka ya watu, alitapika damu juu ya yale aliyokwisha kuanika. Walipomfikisha hospitali hakuwa na pumzi. Muuguzi alikuja na kalamu, akasema huenda tumbo lilikuwa likivuja damu ndani kwa ndani siku nyingi. Alikuwa anatumia dawa gani? Tangu lini? Choo chake kilikuwaje? Maswali yote yalikuja, moja nyuma ya jingine, na mwenyewe keshafunikwa uso.

Baada ya mazishi Mama Mgonjwa alirudi kazini, maana chungu hakijui msiba. Siku hiyo alipewa kuumwa mgongo. Wanafunzi waliuliza, akajibu. Mwishoni binti aliyeongoza kikundi akainama mbele.

"Mama, kuna jambo lolote ambalo hatujakuuliza?"

Alitakiwa kusema hakuna.

"Lipo," akasema. "Choo kilikuwa cheusi kabla ya vidonge. Na dawa za magoti alikuwa akizimeza tumbo likiwa tupu. Nilijua. Nilikuwa nimekaa palepale."

Mwanafunzi wa ubaoni akaandika: choo cheusi. Mwalimu alipekua karatasi zake, akapekua tena. "Hilo halimo kwenye tatizo la leo," akanong'ona.

"Mtego huo," mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

"Pole mama," akasema binti, kalamu tayari. "Kilianza lini?"

Lilikuwa swali zuri. Mama Mgonjwa alimtazama, akachukua mkoba wake, akasimama.

"Na kuondoka nako tuandike?" akauliza wa ubaoni.

Mwalimu aliinua mkono, kisha akaushusha.

Langoni mlinzi alimtania kama siku zote. "Mama Mgonjwa, mbona mapema? Leo umepona?"

Alimpita, akashika barabara. Chuo hakikumwona tena.