Ini la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alianza kuota vinundu vya njano viwikoni akiwa darasa la tatu, tukiishi Ikola, kando ya ziwa. Baadaye vikatokea magotini na nyuma ya visigino. Havikumuuma, ila wenzake walimcheka, akawa anavaa sweta hata kwenye jua kali.

Nilipopata kazi ya kufundisha biolojia Mpanda, nilimchukua tukaishi mtaa wa Majengo. Alipofika miaka ishirini na mbili akaanza kubanwa na kifua kila akitoka sokoni. Hospitali wakampima damu, kolesteroli ikaonekana imepita kiasi.

Nikajiona najua. Nikapiga marufuku mayai, nyama, mawese, hata migebuka, samaki aliotumiwa na mama kutoka ziwani.

"Dada, kipande kimoja tu," aliniomba siku moja.

"Unataka kufa?"

Akala ugali na matembele.

Ukapita mwaka, kipimo kikashuka kidogo sana. Nikaamini anakula kwa siri. Nilimpekua mkoba mbele yake. Ndani mlikuwa na kitana na leso tu.

Ndipo tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, mbali na Mpanda. Daktari wa moyo, mama wa makamo, alimkunjia mikono ya sweta, akamtazama viwiko kabla hajasoma karatasi zetu.

"Wazazi wenu wana undugu?"

"Ni binamu," nikajibu.

Akatuvutia viti karibu. "Kolesteroli haitembei yenyewe kwenye damu. Hubebwa na vichembe vidogo sana vya mafuta na protini. Ini lina vipokeo vya kuvinasa na kuviondoa. Huyu vipokeo vyake havifanyi kazi, amerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Vichembe vinabaki vikizunguka, kolesteroli yake inajikusanya kwenye vinundu hivi na kuziba mishipa ya moyo."

Nilimuuliza kuhusu dawa nilizosoma mtandaoni, zinazofungwa ndani ya vitone vya mafuta na kupelekwa kwenye ini.

"Ini huzichukua kwa sababu zinafanana na vile vichembe vya kolesteroli, mwalimu. Vipokeo ni vilevile. Kwa mdogo wako nyingi zingebaki kwenye damu. Wataalamu wanatafuta njia nyingine ya kuziingiza, lakini hapa kwetu bado hazijafika."

Mdogo wangu akashusha mikono ya sweta. "Kwa hiyo si kwa sababu ya kula?"

"Hapana, mwanangu. Kula vizuri kunasaidia kidogo, lakini hukujiletea wewe."

Akanigeukia. "Umesikia, dada?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenigombeza.

Tulirudi na vidonge. Jumapili nilimkaangia mgebuka, nikamwekea peke yake sahani nzima. Alikula nusu, akaisogeza.

"Nimeshazoea bila," alisema.

Nikamwomba msamaha. Akanishika mkono, akasema yameisha. Sikuwahi kujua kama kweli yaliisha.

Masika yaliyofuata alianguka uani asubuhi akifagia. Tulipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Tulimzika Ikola.

Baada ya matanga, mama aliniita jikoni. "Yule daktari alisema mwanangu aliumwa nini hasa?"

Kila mwaka nawaeleza wanafunzi wangu jinsi mtoto anavyorithi kwa baba na kwa mama. Mbele ya mama sikuweza.

"Moyo, mama," nikamwambia. "Alisema ni moyo tu."