Mbwa Aliyelishwa Nyigu

"Nyumba yenye mbwa malaika hawapiti," bibi alikuwa akisema. "Na mie umri huu nimebakiza malaika tu wa kunitembelea. Kama unamtaka huyo, basi nitafutie chumba Mbagala."

"Mama, kwa heshima yote, atakaa nje," baba akajibu. "Malaika wapite mlangoni kama kawaida. Yeye nitamjengea banda kule nyuma."

"Na mate yake je, nayo utayajengea banda?"

Nilikuwa darasa la tatu, na hivyo ndivyo mbwa alivyoingia kwetu Chamazi: yuko ndani ya boksi la sabuni, masikio yametokeza, na watu wawili ninaowapenda kuliko wote wanagombana juu ya kichwa chake. Mama alikuwa anakuna nazi, hasemi kitu. Baadaye aliniambia kwamba alinyamaza kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Bibi, mama yake mzazi, ni Mzaramo wa Kisarawe; kwao mbwa ni najisi, na mtu anayelinda udhu wake hamkaribishi uani. Baba ni Mnyaturu wa Singida, kwa wafugaji. Kwao mbwa anatoka na ng'ombe asubuhi na kurudi nao jioni, na babu, ambaye swala haikumpita, alikuwa anafuga mbwa maisha yake yote. Wote walikuwa Waislamu, wote walikuwa na hakika, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikimtazama yule mtoto wa mbwa akitafuna ukingo wa boksi.

Baba alishinda kwa sababu ya wezi. Walikuwa wamekuja tukiwa msibani, wakang'oa pampu ya kisima na kubeba sufuria zote za mama, hata ile yenye makande ndani. Baba alisema hatangoja waje kuchukua mabati. Bibi akasema sawa, lakini yeye hataki kumwona. Mbwa akaitwa Bosi. Bibi hakumwita hivyo hata siku moja, alisema "mwenzenu".

Ungedhani hapo ndipo mambo yangetulia. Na huenda yangetulia kama si fundi Sadiki, jirani yetu mfyatua matofali, rafiki wa baba wa kucheza naye bao. Sadiki alikuwa anajua dawa ya kila kitu. Siku moja alikuja akamkuta Bosi amelala chali nikimkuna tumbo, akacheka hadi akashika ukuta.

"Huyu ndiye mlinzi? Mwizi akija si atamkuna tu kama Zuhura anavyomkuna?"

"Atakua," baba akasema.

"Atakua awe nini? Mbwa hawi mkali kwa kukua. Mbwa analishwa nyigu, bwana. Nyigu, na giza. Mchana asimwone mtu hata mmoja."

Wanaoishi pembezoni mwa jiji wanalijua jambo hili, na wapo wanaoliamini mpaka leo ninapoandika. Unatafuta kiota cha nyigu, unakifukiza moshi, unawaponda wadudu na kuwachanganya kwenye ugali wa mbwa. Ukali wa nyigu unaingia kwenye damu yake. Kisha unamfungia ndani ya banda lisilo na dirisha, anatolewa usiku tu, na mwenye kumlisha awe mmoja. Baba alilala na wazo hilo siku mbili tatu, halafu nikamwona yuko juu ya ngazi na Sadiki, wanafukiza kiota kilichokuwa chini ya paa la choo. Sadiki aliumwa sikioni. Sikio likavimba kama andazi, naye akasema hiyo ni dalili nzuri, nyigu hawa ni wakali kweli.

Bibi alitoka mlangoni kwake, akawatazama wakiponda.

"Nyigu anamjua mwenye nyumba?" akauliza.

Sadiki akaendelea kuponda.

"Nakuuliza wewe, baba Zuhura. Ukipita chini ya kiota chao, wanakuacha kwa sababu choo umekijenga wewe? Basi na mwenzenu mkimlisha hao, hatakujua. Atakuja kukuuma wewe. Mie nimesema."

Nikakatazwa kwenda nyuma. Banda likazibwa kwa gunia, na mbwa niliyekuwa namkuna tumbo akageuka kuwa sauti. Nilimsikia akijigonga kwenye mbao, nikamsikia akilia mchana watu wakipita. Baba alifurahi. Alisema mlio umebadilika, ukali umeanza kushika. Leo nikiukumbuka mlio ule najua ulikuwa nini. Alikuwa mtoto aliyewekwa gizani bila kuambiwa kosa lake. Lakini mtaani sifa zilienea kwamba kwa yule Mnyaturu kuna mbwa wa nyigu, na kwa kweli wezi hawakurudi.

Baba akasafiri kwenda Singida kumuuguza babu. Akaniachia kazi ya kusukuma sufuria ya chakula chini ya mlango wa banda, na maji. Nyigu sikuweka, sikujua kuwaponda na wala sikutaka kujua. Siku aliyorudi alishukia stendi ya Mbezi Luis alfajiri, akafika nyumbani jua limeshakuwa kali, ana dumu la mafuta ya alizeti mkono mmoja na kuku wawili wa kienyeji mkono wa pili, amevaa kofia mpya ya majani. Tulimkimbilia. Alisalimia watu wote, akamwamkia bibi, akaitikia shikamoo yangu, halafu akasema kwa furaha, "Ngoja nimsalimie na mlinzi wangu." Akaenda nyuma, kuku bado mkononi, akafungua komeo.

Bosi alikuwa hajaliona jua tangu alipokuwa mdogo. Tangu afungiwe alikuwa hajamwona baba mchana. Alitoka amefumba macho nusu, akasikia kuku wakipiga mabawa, akamwona mtu mkubwa mwenye kichwa kipana cha majani amesimama mlangoni pake. Akamuuma mguuni, chini ya goti, akang'ang'ania.

"Bosi! Bosi, ni mimi!" baba alipiga kelele. "Ni mimi, we mbwa!"

Kuku walikimbilia kwa jirani. Mama alikuja na mwiko. Bosi akaachia, akazunguka uani mara moja kama aliyepotea, na hapo nikaona kitu ambacho sijakisahau. Geti la mbele lilikuwa wazi kabisa, baba alikuwa hajalifunga. Angeweza kwenda popote, mpaka Mbande. Akalitazama, akageuka, akarudi mwenyewe ndani ya banda, akajibanza kwenye kona akitetemeka. Mama akasukuma mlango kwa mwiko na kutia komeo.

Bibi alikuwa wa kwanza kusema kitu cha maana. Hakusema "nilikwambia", ingawa macho yake yalisema. Alisema, "Leteni ndoo na sabuni."

Kwa mafundisho aliyolelewa nayo, mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Alimkalisha baba juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu ndani ya beseni, akaanza kumwagia maji na kusugua, akihesabu kwa sauti. Baba alikuwa anaguna.

"Na ule udongo, bibi?" mimi nikauliza.

"Udongo kwenye kidonda? We mtoto una wazimu? Sabuni inatosha, Mungu anaona." Akasugua tena.

Hapo ndipo Sadiki alipofika, ana panga. Alikuwa amezisikia kelele, na kama kawaida dawa alikuwa nayo.

"Auawe sasa hivi, jeraha likiwa bichi," akasema. "Tunachukua manyoya ya mgongoni, tunayachoma, majivu yanapakwa hapo. Lakini awe amekufa. Manyoya ya mbwa hai hayaponyeshi."

"Hauawi mtu hapa," bibi akasema bila kuinua kichwa.

"Mtu? Si mbwa huyo, bibi? Tena wewe hukumtaka!"

"Sikumtaka na simtaki. Lakini sisi kwetu tunajua hivi: mbwa aliyekuuma ukimuua, unamfuata. Anaachwa hai, anafungwa, anatazamwa siku kadhaa. Akiwa mzima yeye, na mtu wako mzima. Nani anataka mwanangu awe mjane? Wewe?"

Baba alikuwa katikati, mguu kwenye beseni, akimtazama huyu na kumtazama yule kama mshtakiwa mwenye mahakimu wawili. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya banda. Nilikuwa mdogo, sikuwa na dawa wala hoja. Nilichojua ni kwamba yule aliyekuwa akitetemeka mule ndani aliwahi kulala chali mikononi mwangu, na kwamba panga lilikuwa limenolewa.

"Asiuawe kwanza," baba akasema mwishoni.

"Kwanza," Sadiki akarudia. "Sawa. Mtazameni hizo siku zenu, zikiisha nakuja na kamba namchukua. Mbwa aliyeonja mwenye nyumba hafugwi."

"Zikiisha, mchukue," baba akasema. Nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Mama alimpeleka baba hospitali kwa bodaboda. Baba mwenyewe ndiye aliyekuja kutusimulia, na alisimulia kwa aibu. Nesi alikagua jeraha akauliza nani ameliosha, akaambiwa mama mkwe. "Mpelekee shukrani," nesi akasema, "hiyo ndiyo tiba ya kwanza." Kisha akauliza kama mbwa amechanjwa kichaa. Hajachanjwa. "Yuko hai?" Yuko hai. "Basi asiuawe, mfungeni mumtazame siku kumi, akibadilika au akifa mje mbio. Na wewe sindano unaanza leo, humngojei yeye." Baba alipotuambia hivyo, bibi alivuta upande wa kanga yake na kutazama pembeni. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka tuione.

Siku iliyofuata akaja bwana mifugo wa kata. Alilitoa lile gunia, akachungulia, akamgeukia baba.

"Huyu amefungwa kwa kosa gani?"

"Ili awe mkali, bwana."

"Mkali kwa nani? Hamjui mtu hata mmoja. Hata wafungwa wa Ukonga wanatolewa kuota jua."

Akaagiza banda litobolewe upande wa upepo, mbwa awe na mnyororo mrefu, kivuli, na maji yasiyokauka. Akasema watoto wasimsogelee mpaka siku ziishe. Na atakayemlisha ni baba, mchana, akiwa amesimama mbali na kusukuma sufuria kwa fimbo, akimsemesha.

Kwa hiyo kila asubuhi baba alichechemea kwenda nyuma na ugali na vichwa vya dagaa. Mara za kwanza Bosi alijibanza na kuonyesha meno, na baba naye, mkubwa mzima, alisukuma sufuria kwa ncha ya fimbo na kurudi nyuma haraka. Waliogopana hivyo hivyo. Nasi ndani tulikuwa tunangoja. Nyumba nzima ilikuwa ikiishi kwa afya ya mbwa. Baba akirudi tu, bibi alikuwa anauliza kutoka dirishani: "Amekula mwenzenu?" Amekula. "Maji amekunywa?" Amekunywa. "Alhamdulillah." Halafu anaendelea na tasbihi yake. Nilimwona mara moja akimega kipande cha mkate wa kumimina na kukiweka ukingoni mwa sufuria ya mbwa, haraka, kama anayeficha kitu.

Sitamsingizia bibi. Hakuja kumpenda Bosi, na mpaka leo hapendi mbwa. Namheshimu kwa hilo. Niliishia kidato cha pili, sasa niko na mama kwenye genge letu la mboga, na kwa kuwa mimi ndiye ninayewapanga watoto wa mtaa na mbwa wao siku za chanjo, watu huniuliza: nifuge au nisifuge? Nawajibu bila kuzunguka. Ukiwa hutaki, usifuge, na asikucheke mtu. Bibi yangu alikataa tangu siku ya kwanza na ndiye aliyemtendea yule mnyama vizuri kuliko wote. Ukitaka, jiulize nani atakaa naye mchana. Chanjo, jua, maji, na mtu wa kumjua kwa sura, hivyo ni vyake kama chakula kilivyo chake. Kuhusu nyigu, bibi alisema kweli kwamba Bosi hatamjua mwenye nyumba. Sababu aliitafuta kwenye wadudu. Mimi naitafuta kwenye lile gunia. Na ile imani yake ya kumwacha hai mbwa aliyeuma, sijui ilianzia wapi huko Kisarawe, lakini nadhani kuna mtu wa zamani aliyetazama vizuri kabla ya kusema.

Siku zikaisha. Bwana mifugo akaja, akamshika Bosi taya, akamtazama macho, akamchoma sindano ya chanjo, akasema ni mzima. Mama alipiga vigelegele. Mimi sikupiga, kwa sababu baba alikuwa hajasema lolote kuhusu kamba. Usiku nilitaka kumuuliza nikashindwa. Alikuwa ametoa neno kwa rafiki yake, na baba si mtu wa kurudisha neno.

Asubuhi ikabishwa hodi. Sadiki, na kamba mpya ya katani begani.

"Nimemfuata muuaji wenu," akasema akicheka. "Yuko wapi?"

Baba aliitikia "karibu", akasimama mlangoni, lakini hakumpisha. Sikio la Sadiki lilikuwa limeshapona, mguu wa baba bado ulikuwa na bandeji.

"Vipi tena, si tuliongea? Au bibi kakugeuza?"

Nyuma ya nyumba mnyororo ulilia. Bosi alikuwa ameisikia sauti ya baba na kusimama. Baba akageuza kichwa kidogo kuelekea huko, kisha akaishika ile kamba begani kwa mwenzake, akaikunja vizuri, akamrudishia mikononi.

"Mbwa ni wangu, Sadiki," akasema, "na aliyemharibu ni mimi. Nenda na kamba yako, uje jioni tucheze bao."