Karani wa Masjala Kwenye Kozi ya Hifadhidata

Kabla ya kugusa kipanya, analamba kidole kama anayefunua faili. Amekuwa karani wa masjala ya zahanati miaka ishirini na ushei, na kidole bado hakijapata habari kwamba hapa hakuna karatasi. Anakaa safu ya mbele, miwani imeshuka puani, daftari pembeni. Kila hatua anaiandika kwa kalamu kwanza, ndipo abonyeze, na akibonyeza anasema "haya" taratibu, kama anayemlaza mtoto. Sisi wengine tunamaliza zoezi na kuanza kupiga soga. Yeye bado yuko kwenye jedwali la kwanza. Mwalimu, mpole kupita kiasi, humsubiri huku akiitupia saa jicho kwa siri.

Jana tulipewa kila mmoja nakala ya orodha ya wagonjwa wa zahanati yake, tutafute walioandikwa mara mbili, tufute mmoja. Programu ikaleta wanawake wawili: jina moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, mtaa mmoja. Karani akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Mwalimu, mwanangu, hapa sifuti."

"Mama, huyo ni mtu mmoja. Programu imeshalinganisha."

"Programu haijawahi kukaa dirishani ikawaona. Hawa ni wawili, na huja pamoja. Mmoja penisilini inamponya. Mwenzake itamuua."

Sisi kumi na mmoja tukatazamana. Tulikuwa tumeshafuta zamani wale wa zahanati zetu, na hakuna aliyekumbuka amemfuta yupi.