Dodoki la Kuogea

Fundi Pindo alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na wateja waliokawia kuchukua nguo zao walilijua hilo vizuri. Lakini mbele ya mama mwenye nyumba, mjane mwenye asili ya Kihindi aliyempangisha chumba cha uani miaka kumi na saba, ulimi huo ulilainika. Mume wa mama alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na tangu hapo mama alilala ameelekea ukutani. Wali aliurudisha, uji aliurudisha, supu aliinusa tu. Daktari alisema waziwazi: asipokula, atamfuata mumewe.

Asubuhi moja Fundi aliacha gauni la watu kwenye cherehani, akachukua ungo na kisu, akaingia bustanini kwa marehemu. Mzee ndiye aliyelima na kuchuma, mama alipika. Wapangaji walipewa bamia, basi. Leo nitampikia vya kwao, Fundi alijiapiza, hata kama sivijui.

Na kweli hakuvijua. Kulikuwa na vijani vidogo vyenye harufu kali. Alivisugua kiganjani mpaka akakumbuka mbegu za uwatu za dukani. Kulikuwa na kitu kirefu chenye vinundu mgongo mzima. Na kulikuwa na kingine chenye mistari iliyojitokeza kuanzia kichwani hadi mkiani, kama mishono ya suruali. Hicho kilimchekesha, maana lilikuwa dodoki, na dodoki yeye alilijua bafuni.

"Jamani, mzee alikuwa anakula cha kusugulia mgongo?" aliuliza peke yake.

Akachuma kama mtu anayechuma mapapai: makubwa kwanza, yaliyoiva kwanza. Kile chenye vinundu alichagua kilichogeuka rangi ya machungwa, akajipongeza. Kilipoingia kwenye sufuria kikavurugika chote. Akakimwaga, akakaanga dodoki kwa vitunguu, bizari na majani ya uwatu, akapeleka sahani chumbani.

Mama aligeuka. Wala si kwa ajili ya Fundi; ni ile harufu ya uwatu. Akaketi, akatia kijiko kinywani, akatafuna. Akatafuna tena. Fundi alisimama mlangoni, roho mkononi. Mwishowe mama aliingiza vidole viwili mdomoni, akavuta uzi mrefu mweupe, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu," alisema, sauti imekwaruza kwa kukaa kimya, "umenipikia dodoki la kuogea."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi ya kweli. Fundi aliketi kitandani akamshika mkono, akalia naye, kwa kuwa alimpenda yule mzee na hakuwa amepata pa kumlilia. Walipotulia, mama alivuta sahani, akala vitunguu na majani yote, nyuzi akazibakiza pembeni.

"Mzee alitumia ukucha," alisema. "Ukizama kwenye ganda bila ubishi, chuma. Na karela, lile la vinundu, huchumwa likiwa bado kijani. Likishaiva halifai."

"Mama, mimi ni fundi wa nguo. Ningejuaje?"

"Nipe bega."

Wakasogea polepole hadi dirishani. Mama akashikilia nondo, Fundi akarudi bustanini na kisu chake, na amri zikaanza kumiminika.

"Sio hilo! La nyuma yake! Tundu la sindano unaliona, dodoki hulioni?"

"Naliona, mama, naliona!"

Alichuma machanga matatu, ukucha ukizama vizuri. Kwenye kona ya uzio lilining'inia moja kubwa, la kahawia, limekauka kabisa. Fundi alinyanyua kisu.

"Hilo liache!"

"Limekauka, mama."

"Mzee aliliacha kwa ajili ya mbegu. Mvua zikianza, tutapanda."

Miezi miwili mama hakuwa ametaja hata kesho. Fundi aliteremsha kisu.

"Tutapanda, mama," alijibu, akainama upesi kwenye bamia, akijifanya anachuma.