Kabla Sijapiga Window

Siku hizo mafundi wa kompyuta pale Korogwe tulikuwa wawili tu, na dawa yetu ilikuwa moja: mashine ikigoma, piga window upya, yaani futa kila kitu uanze mwanzo. Nilikuwa nimesoma kozi ya miezi mitatu Tanga, na kiburi changu kilitosha mkoa mzima.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia kutoka Handeni, kompyuta yake ya mtumba ameifunga kwa khanga. Mwaka elfu mbili ulikuwa unakaribia, na watu walihofu mashine za zamani zitachanganyikiwa tarehe. Nikamwambia nitabadilisha ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, kazi ya dakika chache. Akaniambia humo alikuwa ameandika hadithi zote za marehemu mama yake, kwa Kizigua.

"Uzitunze, mwanangu. Sina pengine nilipoziweka."

Akaenda sokoni. Nikatia disketi, programu mpya ikaingia vizuri. Nilipowasha, kompyuta ikadai haioni sehemu ya diski ya kuanzia. Nikawasha tena, vilevile. Niliona aibu mama wa watu arudi anikute nimekodoa macho, basi nikafanya nilichozoea. Aliporudi mashine ilikuwa inawaka, tupu. Nikamwambia diski ilikuwa imechoka, vilivyokuwamo vimepotea vyenyewe. Akaifunga tena kwa khanga, akanipa pole kwa kazi.

Miezi michache baadaye mashine ya duka moja la Kabuku ikafanya yaleyale baada ya kubadilishiwa programu. Safari hii mwenye duka alinisimamia mgongoni, nikaogopa kufuta. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta programu mpya imebadilisha namna ya kuisoma diski. Nikarekebisha mstari mmoja. Ikawaka, na kila kitu chake kimo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi: kumbe hadithi za yule mwalimu zilikuwamo bado nilipozifuta.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Handeni kumwambia ukweli. Nilimkuta barazani na daftari, anaziandika hadithi zile upya kwa mkono. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia, akaanza yeye kunieleza: hadithi nyingi anakumbuka mwanzo tu, mwisho umemtoka. Kisha akanitazama usoni.

"Usijilaumu, mwanangu. Diski ilikufa yenyewe."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, mimi niliyepanda basi kwa ajili hiyo tu.

Akanimiminia chai, nikainywa yote.