Mkwe wetu Mwingereza aliposema "Nelly alifungwa", ndoa ya dada yangu ikayumba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Haya ninayoyaleta yametokea nyumbani kwetu Kibara, mimi nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi. Sikusimuliwa na mtu.

Dada yangu Nyangeta alipata mchumba Musoma. Mwingereza, anaitwa Piter, anashughulika na visima vya maji huko Butiama. Kijana mtulivu, anakula dagaa na vichwa vyake. Sisi vijana wa nyumbani tulishampitisha zamani.

Kazi ilikuwa kwa baba mkubwa Magesa. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kauli. Na Nyangeta alishasema wazi kwamba bila baraka za baba mkubwa haolewi, hata kama roho itamuuma.

Sasa baba mkubwa kwenye mambo ya ukoo hana utani. Anataka kujua kwenu kuna mwizi? Kuna mchawi? Kuna aliyewahi kufungwa? Akisikia kitu asichokipenda, kikao kimeisha, wageni malizieni soda mwende.

Basi baba yake Piter, mzee Tomas, akaja kutoka Uingereza kwa ajili ya utambulisho. Mzee mstaafu, mrefu, shingo imeiva kwa jua. Alitangulia kukaa Bunda kwa muda akijifunza Kiswahili kwa vijana wa bodaboda.

Wakuu, mnatujua watu wa Mara. Mambo ya ngeli na sarufi huwa hatusumbuani nayo. Mzee alitoka pale anasema "nilikuwaga" na "nimeendaga" utadhani kazaliwa Bugwema.

Siku ya kikao akakataa mkalimani. Anasema anataka aongee mwenyewe, kwa heshima ya wazee. Piter hakuwepo, si unajua tena, mwoaji hakai kwenye kikao chake. Alibaki Bunda anasubiri simu.

Baba mkubwa akakohoa, akaanza. "Mzee mwenzangu, tueleze kidogo. Ulikulia wapi, na nani walikuwa wanakutunza?"

Mzee Tomas akatabasamu. "Nilikuliaga kijijini. Sisi wote pale tulikuwa na Nelly. Nelly alikuwa ananipeleka shule kila siku. Alibebaga maziwa, mayai, mpaka kondoo. Tulimpendaga sana."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mchapakazi huyo.

"Na sasa hivi yuko wapi?"

"Serikali walimfunga."

Baba mkubwa akaweka chupa ya soda chini taratibu. "Kosa lake?"

"Walisema anakula pesa nyingi ya serikali."

"Sasa alifunguliwa lini?"

"Hajafunguliwaga mpaka leo. Walimkata vipandevipande, wakauza."

Wakuu, soda ilinipalia. Naapa. Ikatokea puani.

Baba mkubwa akauliza kwa sauti ndogo, "Na nyie watu wa kijiji mlikuwa wapi?"

"Tulikuwepo wote! Tulipiga bendi, tukapunga mikono. Mimi nililia sana."

Hapo baba mkubwa akaomba udhuru, wanafamilia tukaitwa nyuma ya nyumba. Nilijua tu kwa anavyotembea kwamba mambo yameharibika.

"Huu ukoo gani?" akasema. "Mama amekula hela ya serikali, sawa, hata huku kwetu wapo. Lakini mtu anakatwa vipande, wao wanampigia bendi? Nyangeta haendi huko."

Nyangeta alikuwa jikoni, anasikia kila kitu. Akatoka na mwiko mkononi, machozi yanatoka. Anasema Piter hajawahi kumtajia Nelly hata siku moja. Hilo nalo likawa kosa jingine, kwamba jamaa anaficha.

Niliumia, nawaambia ukweli. Dada yangu ni mtu wa kucheka, sikuwahi kumuona vile tangu msiba wa baba.

Aliyetuokoa ni shangazi. Shangazi yetu hata akiwa amekukasirikia, akisikia umefiwa lazima akupe pole. Ni kitu kiko kwenye damu. Wakati sisi tunabishana nyuma, yeye akazunguka mbele, akamshika mzee Tomas mikono yote miwili.

"Pole baba. Pole sana kwa kufiwa na mama kwa namna ile."

Mzee akashangaa. "Mama? Mama yangu ni mzima! Mzee sana, lakini yuko nyumbani, kila siku anagombana na daktari."

"Sasa Nelly ni nani?"

"Nelly? Nelly ni treni!"

Shangazi hakuelewa. Mzee akasimama katikati ya ua, akaanza kuzungusha mikono kama magurudumu, "chuku chuku chuku, puuuu!" Kuku wakatawanyika. Sisi tukaja mbio kutoka nyuma, tukakuta mzee wa watu anazunguka ua huku akipiga honi.

Wakuu, shida yote ilikuwa ngeli. Angesema "ilifungwa", kila mtu angejua si mtu. Lakini kwao treni na reli yake wanaviita jina moja la mtu na wanavisema kama mtu, na vijana wa bodaboda wa Bunda wakamwacha aendelee hivyohivyo. Naye kwa upande wake hakujua kwamba "kufungwa" huku kwetu ni jela.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu tukamketisha, tukamwambia aanze upya.

Kumbe ilikuwa njia ndogo tu ya reli, mabehewa mawili, inapita kwenye vijiji vya wakulima mpaka mji wenye soko. Dereva alikuwa anawajua watoto wote wa shule. Akiona mmoja hajafika, anasubiri. Kina mama wakipunga mkono njiani, anasimama wapakie mayai yao.

Halafu magari yakawa mengi, mabasi yakaja, serikali ikapiga hesabu ikaona reli ni hasara. Siku ya mwisho watu walikata tiketi hata wasio na safari. Bendi ikapigwa kweli. Baadaye reli zikang'olewa, zikakatwa, zikauzwa kama chuma. Leo pale ni njia ya baiskeli na watu wenye mbwa wao. Kwenye kituo amehamia mtu, kapanda maua pale abiria walipokuwa wanasimama.

Mimi niliona treni kwa mara ya kwanza Mwanza nikiwa mtu mzima. Huku kwetu haijawahi kufika. Lakini niliielewa ile hadithi yote.

Baba mkubwa alikuwa ameinama muda wote. Nikadhani bado ana hasira.

Akasema, "Kumbe hata Wazungu wanafungiwaga."

Ndipo akaanza kusimulia kiwanda cha kuchambua pamba alichofanyia kazi Bunda ujanani. Honi yake ya asubuhi iliyoamsha mji mzima. Vumbi jeupe kwenye nywele, mpaka watoto wanawaita wazee. Na siku walipokuta geti lina kufuli. "Sisi hatukupigiwaga hata bendi," akasema.

Mzee Tomas akamshika bega. Wakakaa hivyo.

Kisha baba mkubwa akatugeukia. "Mtu anayelilia gari moshi lililompeleka shule, hawezi kumtupa mtoto wetu. Mpigieni huyo kijana simu aje."

Vigelegele vilitoka jikoni kabla hajamaliza. Shangazi akamgombeza Nyangeta kwamba bibi harusi hajishangilii mwenyewe. Hakusikia.

Kesho yake wazee wawili walipanda gari wakaenda Bunda kuangalia geti la kile kiwanda. Walirudi jioni chakula kimeshapoa, bado wanaongea.

Somo langu wakuu ni kwamba ngeli si za mtihani tu, zinaweza kuvunja ndoa. Lakini kuna lingine linanisumbua zaidi. Nimeishi na baba mkubwa tangu utoto, na sikujua kabisa kwamba aliwahi kuwa na nywele nyeupe za pamba akiwa kijana. Ilibidi atoke mtu Uingereza kuja kumlilia treni.

Kwenu walifunga nini? Kiwanda, bandari, mgodi, jumba la sinema? Muulizeni mzee wa nyumbani kwanza, halafu njooni mtusimulie hapa. Wa kwetu alikuwa tayari kusema miaka yote, hakuna aliyemuuliza.